Kuajiri Mgeni Kariakoo na Katikati ya Jiji: Mwongozo kwa Mwajiri

Mgeni anayefanya kazi kihalali Tanzania Bara anahitaji ruhusa tatu, na kila ruhusa ina ofisi yake. Ya kwanza ni ya biashara yenyewe: leseni inayotolewa na BRELA kwa biashara za kundi A, au na halmashauri kwa biashara za kundi B. Ya pili ni kibali cha kazi, ambacho hutolewa na Kamishna wa Kazi aliye chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Ya tatu ni kibali cha ukaazi kutoka Idara ya Uhamiaji, iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Viza haimo katika hizo tatu. Humruhusu mtu kuingia nchini kwa shughuli iliyotajwa na kwa muda uliotajwa, basi, ajira haimpi.

Waajiri wengi wa Kariakoo na mitaa ya jirani huanzia mwisho. Mtu huletwa na ndugu au mshirika wa biashara, huingia kwa viza ya matembezi, hupewa meza stoo au nafasi nyuma ya kaunta, kisha ndipo anapoanza kutafutiwa karatasi. Sheria inataka kinyume chake: leseni iwepo, kibali cha kazi kitoke, kibali cha ukaazi kifuate, na kazi ianze baada ya hapo. Mabadiliko yaliyokuja tangu mwaka 2015 yamezidi kubana mwanya kati ya hatua hizo, na mzigo mkubwa wa kuthibitisha umewekwa mabegani mwa mwajiri.

Nani ni mgeni

Kwa sheria ya kazi, mgeni ni mtu yeyote asiye raia wa Tanzania. Rangi, lugha na ukoo havihesabiki. Mhasibu mwenye asili ya Kihindi aliyezaliwa Kisutu na ambaye ni raia hahitaji kibali chochote, na mwajiri anayemdai kibali anamkosea. Kwa upande mwingine, mtoto wa Gerezani aliyeondoka miaka mingi, akachukua uraia wa Uingereza, Kanada au Oman, na sasa amerudi kusaidia duka la familia, anahesabiwa kuwa asiye raia, kwa sababu Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Hapo ndipo biashara za familia zinaponaswa mara nyingi. Mjomba hamwombi mpwa wake pasipoti, naye mpwa haoni sababu ya kuitaja. Ofisa kazi akifika, undugu hausaidii.

Kitambulisho cha NIDA nacho kisomwe kwa makini. Mamlaka hiyo hutoa vitambulisho kwa raia, kwa wageni wakaazi na kwa wakimbizi, hivyo kuwa na kadi ya NIDA peke yake hakuthibitishi uraia.

Raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ni wageni pia kwa sheria hii, ingawa wana njia yao. Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika Julai 2010 iliruhusu wafanyakazi kuvuka mipaka, lakini kila nchi iliorodhesha kazi ilizokubali kuzifungua, na orodha ya Tanzania imejikita kwenye taaluma. Mwalimu au mhandisi kutoka Kampala ana mahali pa kushikia katika itifaki hiyo. Muuza duka kutoka Nairobi hana. Hata yule mwenye taaluma iliyoorodheshwa bado anahitaji kibali. Itifaki inampa nafasi ya kuingia kwa hati ya muda na kuomba kibali akiwa ndani ya nchi, katika siku 15 za kazi tangu mkataba ufungwe, na inaitaka mamlaka imjibu ndani ya siku 30.

Zanzibar ni jambo jingine. Uhamiaji ni suala la Muungano, lakini kazi na ajira si suala la Muungano. Mzanzibari ni raia wa Tanzania, anaajiriwa Kariakoo bila kibali. Lakini mgeni mwenye kibali cha kazi cha Bara akihamishiwa tawi la Unguja hawezi kukitumia huko. Ataombewa kingine kwa mamlaka ya kazi ya Zanzibar.

Sheria ilivyofika hapa

Kabla ya mwaka 2015, mamlaka ya kuwaruhusu wageni kufanya kazi yalikuwa yamesambaa katika taasisi zaidi ya moja, na mwajiri aliyekwama ofisi moja aliweza kujaribu nyingine. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni, Na. 1 ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Septemba mwaka huo, iliyakusanya mamlaka hayo mikononi mwa Kamishna wa Kazi. Kanuni zake zilifuata mwaka 2016. Tangu hapo kibali cha ukaazi peke yake hakitoshi kumweka mtu kazini, hata kama kimetolewa na Uhamiaji kwa utaratibu wote.

Mwaka 2021 sheria hiyo ilirekebishwa. Badiliko lililowagusa waajiri zaidi ni la muda: mgeni aliyekuwa akiruhusiwa kukaa kazini kwa jumla ya miaka 5 sasa anaweza kufika 8. Mwaka huohuo maombi yalihamia kwenye mfumo wa mtandao. Mwaka 2022 ikaja Sheria mpya ya Uwekezaji, iliyopandisha idadi ya wageni ambao mradi uliosajiliwa unaweza kuwaleta katika kipindi cha kuanza kutoka 5 hadi 10. Mwaka 2025 Kituo cha Uwekezaji na Mamlaka ya EPZ viliunganishwa kuwa taasisi moja, TISEZA. Nafuu ya wageni 10 inahusu miradi yenye cheti cha uwekezaji, na kwa mwekezaji wa kigeni sheria ya 2022 ilitaka mtaji usiopungua dola 500,000. Mwenye fremu mbili Mtaa wa Kongo asiipigie hesabu.

Kisha likaja badiliko lililoitikisa Kariakoo yenyewe.

Amri ya Julai 2025

Malalamiko ya wafanyabiashara wa Kariakoo dhidi ya wageni wanaouza rejareja ni ya zamani. Januari 2011 Naibu Waziri wa Viwanda na Biashara wa wakati huo, Lazaro Nyalandu, aliwapa siku 30 wageni waliokuwa wakifanya biashara ndogondogo sokoni humo waondoke. Agizo lilipita, malalamiko yakabaki. Mwanzoni mwa 2025 Waziri wa Viwanda na Biashara, Selemani Jafo, aliunda kamati iliyoongozwa na Profesa Edda Lwoga, Mkuu wa Chuo cha Elimu ya Biashara, kuchunguza hali hiyo. Tarehe 28 Julai 2025 ikatangazwa, katika Tangazo la Serikali Na. 487A, amri chini ya Sheria ya Leseni za Biashara inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara.

Orodha hiyo inastahili kusomwa yote, kwa kuwa inagusa karibu kila ghorofa la Kariakoo. Imo biashara ya jumla na rejareja, isipokuwa supamaketi na maduka maalumu ya jumla ya wazalishaji wa ndani; uwakala wa kutuma na kupokea pesa kwa simu; ufundi wa simu na vifaa vya kielektroniki; saluni, isipokuwa zilizo hotelini au kwa ajili ya utalii; usafi wa nyumba, ofisi na mazingira; uchimbaji mdogo wa madini; usafirishaji wa barua na vifurushi ndani ya nchi; uongozaji wa watalii; kuanzisha na kuendesha redio na televisheni; makumbusho na maduka ya vinyago; udalali na uwakala wa biashara na wa nyumba na viwanja; uwakala wa forodha; ununuzi wa mazao shambani; mashine za kamari zilizo nje ya kasino; na viwanda vidogo sana na vidogo. Mamlaka za leseni zimekatazwa kutoa au kuhuisha leseni za biashara hizo kwa asiye raia, na aliyekuwa na leseni hai aliachwa aendelee mpaka iishe.

Asiye raia anayekiuka amri hiyo anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 10, kifungo kisichozidi miezi 6, na kufutiwa viza na kibali cha ukaazi. Raia anayemsaidia anakabiliwa na faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi 3. Amri haikuwatenga raia wa Afrika Mashariki. Inazungumza juu ya asiye raia, awe wa Guangzhou au wa Nairobi.

Swali la mwajiri ni hili: je, amri inamzuia Mtanzania mwenye duka kumwajiri mgeni? Amri inazungumzia kufanya biashara, na ajira inabaki chini ya sheria ya 2015. Mtanzania mwenye kampuni ya uwakala wa forodha anaweza kumwombea kibali mtaalamu wa mifumo kutoka nje. Lakini mipaka ya vitendo ni myembamba kuliko maneno ya sheria yanavyoonyesha. Kwanza, Kamishna wa Kazi hatatoa kibali kwa kazi ambayo Watanzania wanaijua, na ni vigumu mno kumshawishi mtu kwamba Dar es Salaam imekosa mafundi simu au wauza nguo. Pili, mgeni aliyeajiriwa katika biashara iliyozuiwa ataangaliwa kwa swali la nani hasa mwenye mali. Leseni ikiwa na jina la Mtanzania, huku mkataba wa fremu umesainiwa na mgeni, akaunti ya benki inaendeshwa na mgeni, mzigo unaagizwa na mgeni na yule Mtanzania analipwa kiasi fulani kila mwezi kwa ajili ya jina lake, hapo hakuna mwajiri wala mwajiriwa. Kuna leseni ya kuazima, na kosa ni la wote wawili.

Vijana wanaopokea pesa kidogo ili majina yao yakae kwenye leseni za watu wengine wanafaa kuambiwa jambo hili bila kuzungushwa: kodi ya biashara hiyo, madeni yake na kesi zake vyote vitasomeka kwa jina la mwenye leseni.

Mnunuzi wa jumla kutoka Lubumbashi, Lusaka au Moroni anayekuja kufunga mzigo na kuondoka si mfanyabiashara wa Kariakoo kwa maana ya amri hii wala si mwajiriwa wa mtu. Mwenye duka ampokee bila hofu. Lakini mnunuzi huyohuyo akianza kukaa dukani na kuhudumia wateja wengine kutoka kwao, mambo yamegeuka.

Madaraja na ada

Vibali vya kazi vimegawanywa katika madaraja matano. Daraja A ni la wawekezaji na waliojiajiri, na ada yake chini ya kanuni za 2016 ni dola 1,000. Daraja B ni la taaluma zilizotajwa mahususi, kama vile tiba na afya, mafuta na gesi, na ualimu wa sayansi na hisabati. Ada ni dola 500. Daraja C ni la taaluma nyinginezo zote, dola 1,000. Daraja D ni la mashirika ya dini na ya hisani yaliyosajiliwa, dola 500. Daraja E ni la wakimbizi, na hawalipi.

Mwajiri wa katikati ya jiji karibu kila mara atakuwa Daraja C: mhasibu wa kampuni ya uagizaji, fundi wa mitambo, meneja wa hoteli, mpishi, mkalimani. Zahanati na shule binafsi ndizo zitakazoingia Daraja B. Vibali vya ukaazi navyo vina madaraja yenye herufi zinazofanana lakini maana tofauti: A ni ya wawekezaji na waliojiajiri, B ni ya waajiriwa wote, C ni ya wanafunzi, watafiti, wamisionari na wengineo. Kwa hiyo mhasibu huyohuyo huwa na kibali cha kazi Daraja C na kibali cha ukaazi Daraja B. Kuchanganya herufi hizo kumewarudisha watu wengi mwanzo wa foleni. Ada ya ukaazi hulipwa kando na ya kazi.

Kuthibitisha hitaji

Hapa ndipo maombi mengi yanaposimama au kuanguka. Kamishna anatakiwa kuridhika kwamba juhudi zote zimefanyika kumpata Mtanzania mwenye ujuzi unaotakiwa na hakupatikana. Barua ya mwajiri inayosema tu kwamba Watanzania hawana uzoefu haithibitishi kitu. Kinachothibitisha ni tangazo la kazi lililotolewa hadharani na likaachwa muda wa kutosha, orodha ya walioomba, sababu za kila aliyekataliwa, na ikiwezekana ushahidi kwamba nafasi ilipelekwa pia kwa Wakala wa Huduma za Ajira, TaESA. Tangazo lenyewe liwe la kweli. Linalodai ufasaha wa Kimandarini kwa kazi ya kuhesabu maboksi stoo linaonyesha wazi kwamba limeandikwa kwa ajili ya mtu aliyekwisha kuchaguliwa.

Sifa za mgeni ndizo zinazofuata. Vyeti vyake viwe vya kazi anayoombewa, vitafsiriwe kama viko katika lugha nyingine, na vilingane na wasifu wake. Kazi zenye bodi zinahitaji usajili wa bodi: mhandisi kwa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, mhasibu kwa NBAA, daktari kwa Baraza la Madaktari Tanganyika. Shahada ya nje hupelekwa TCU kutambuliwa. Kila hatua kati ya hizo ina siku zake, na mwajiri aanze nayo mapema, kabla hajagusa mfumo wa vibali.

Kisha kuna mpango wa urithishaji ujuzi. Sheria inamtaka mwajiri awe na mpango unaoonyesha jinsi ujuzi wa mgeni utakavyopita kwa Watanzania, na mpango huo ndio moyo wa sheria yote. Bahati mbaya ndio waraka unaoandikwa kwa uvivu kuliko yote. Wengi hunakili ukurasa mmoja kutoka kwa kampuni jirani, hubadilisha majina, basi. Mpango unaofaa una Mtanzania anayetajwa kwa jina na elimu yake, ambaye tayari ameajiriwa au ataajiriwa siku ileile na mgeni. Unaorodhesha kazi mahususi atakazojifunza na lini atazifanya peke yake. Na unasema mwaka gani mgeni ataondoka.

Chukulia kiwanda cha kufungasha vyakula kilichoko Vingunguti chenye ofisi ya mauzo Mtaa wa Msimbazi, ambacho kimenunua mashine ya kisasa na kinataka fundi aliyefundishwa na watengenezaji wake. Mpango mzuri utasema kwamba fundi msaidizi mwenye cheti cha VETA atakaa naye kila zamu. Miezi 6 ya kwanza atajifunza kusafisha, kubadilisha vipuri na kusoma michoro. Kufikia mwisho wa mwaka ataanzisha na kuzima mashine bila msaada. Mwaka wa pili atashughulikia hitilafu kubwa mgeni akiwa pembeni. Na kibali cha kwanza kikiisha, kiwanda kitaamua kama mgeni abaki kwa sehemu moja tu iliyosalia. Ofisa kazi akija ukaguzi atamuuliza yule msaidizi swali moja au mawili kuhusu mashine. Majibu yake yatasema zaidi ya faili zima.

Mtanzania anayeandaliwa kurithi alipwe na kuheshimiwa ipasavyo. Waajiri wengine humweka msaidizi kwenye karatasi huku wakimtuma chai, na miaka miwili ikipita humlaumu kwamba hajajifunza. Hapo kampuni imebaki na mgeni ambaye muda wake unakwisha, na haina mtu wa kumrithi.

Muda na namna ya kuuhesabu

Kibali cha kazi hutolewa kwa kipindi kisichozidi miezi 24 na kinaweza kuhuishwa, lakini jumla ya miaka ya mwajiriwa isizidi 8. Mwekezaji ana hadi miaka 10, na anaweza kuongezewa iwapo mchango wake kwa uchumi ni mkubwa. Mwajiri asiuone ukomo wa 8 kama ahadi. Kila uhuisho ni ombi jipya la kueleza kwa nini mtu huyu bado anahitajika, na jibu hutazama mpango wa urithishaji uliowasilishwa mara ya kwanza. Aliyeahidi mwaka 2023 kwamba fundi wa Kitanzania atakuwa tayari baada ya miaka miwili ataulizwa yuko wapi.

Mkataba wa ajira ufuate muda wa kibali. Kumpa mgeni mkataba wa miaka mitano juu ya kibali cha miaka miwili ni kujiandalia mgogoro, kwa kuwa kibali kikikataliwa kuhuishwa, kazi inasimama huku mkataba ukidai mshahara. Mkataba uandikwe wazi kwamba unategemea kuwepo kwa kibali. Tarehe za kuisha kwa pasipoti, kibali cha kazi na kibali cha ukaazi ziwekwe kwenye kalenda moja ya ofisi, na maandalizi ya kuhuisha yaanze walau miezi 3 kabla.

Kazi za muda mfupi

Si kila mgeni anahitaji miaka miwili. Fundi anayekuja kufunga lifti kwenye jengo la Mtaa wa Lumumba kwa wiki tatu, au mkaguzi wa hesabu wa kampuni mama, huingia kwa viza ya biashara, ambayo ada yake ni dola 250 na muda wake hauzidi siku 90. Viza hiyo ni ya shughuli mahususi yenye mwisho. Kumzungusha mtu mmoja aingie na kutoka kwa viza za biashara mwaka mzima huku akiwa na meza, simu ya ofisi na wasaidizi ni ajira iliyofichwa, na maofisa wa Uhamiaji husoma mihuri ya pasipoti vizuri kuliko waajiri wanavyodhani. Viza ya matembezi haifai kwa kazi ya aina yoyote, hata ya siku moja.

Mke au mume wa mgeni anayeishi nchini kama mtegemezi haruhusiwi kuajiriwa kwa hati hiyo. Akipata kazi, anaombewa kibali chake.

Kuomba

Maombi huanzia kwenye mfumo wa mtandao wa Kamishna wa Kazi. Mwajiri hujisajili, hupakia nyaraka, hupata namba ya kumbukumbu ya malipo na hulipa kwa benki au simu. Kibali kikitoka, mchakato wa ukaazi huendelea kwenye mfumo wa Uhamiaji, ambao ofisi yake ya Dar es Salaam iko Kurasini. Nyaraka za msingi ni usajili wa kampuni, namba ya mlipakodi, leseni, mkataba, vyeti, wasifu, nakala ya pasipoti, picha, maelezo ya kazi, ushahidi wa tangazo na mpango wa urithishaji.

Kinachochelewesha mara nyingi ni tofauti ndogo kati ya nyaraka. Cheo kwenye mkataba ni meneja wa mauzo, kwenye barua ni mshauri wa biashara, kwenye wasifu ni msimamizi wa stoo. Jina la pasipoti lina herufi tatu zisizo kwenye cheti. Leseni ni ya kuuza vifaa vya ujenzi, anayeombwa ni mpishi. Mtu mmoja ofisini asome nyaraka zote kwa mkupuo mmoja kabla ya kutuma.

Vishoka ni tatizo la kudumu. Huzunguka karibu na ofisi na kwenye maghorofa ya biashara, hudai kuwajua maofisa, huchukua maelfu ya dola na kurudi na kibali chenye muhuri unaovutia. Kibali cha kughushi kikikamatwa, kesi ni ya mwenye kampuni, na kishoka hapatikani kwa simu. Mwajiri anayehitaji msaada amtumie wakili au mshauri mwenye ofisi na risiti, na malipo ya serikali yafanywe kwa namba ya kumbukumbu tu, kamwe si kwa fedha taslimu mkononi mwa mtu.

Baada ya kibali kutoka

Kibali kimefungwa kwa mwajiri mmoja na kazi moja. Mgeni aliyeombewa kuwa mhasibu hawezi kuhamishiwa mauzo, wala kuazimwa kwa kampuni ya shemeji upande wa pili wa barabara, bila ruhusa mpya. Mwajiri anatakiwa kutunza kumbukumbu za wageni wake na kuwasilisha taarifa kwa Kamishna. Kodi ya mshahara, michango ya NSSF na ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi humhusu mgeni kama inavyomhusu Mtanzania. Mshahara unaotajwa TRA ukiwa mdogo kuliko ule uliotajwa kwenye ombi la kibali, tofauti hiyo itaonekana siku ya kuhuisha.

Faili la mgeni likae dukani au ofisini, si nyumbani kwa mkurugenzi. Maofisa kazi na maofisa uhamiaji wana mamlaka ya kukagua, na mara nyingine hufika pamoja. Wapokewe, waombwe vitambulisho, waonyeshwe faili, na kila walichochukua kiandikwe. Mgeni asitoroshwe kwa mlango wa nyuma. Kumtorosha hugeuza upungufu wa karatasi kuwa kosa la makusudi.

Ajira ikivunjika, mwajiri atoe taarifa kwa Kamishna na kwa Uhamiaji, na vibali virudishwe. Kampuni inayonyamaza inabaki imeandikwa kuwa mwajiri wa mtu ambaye haijui yuko wapi wala anafanya nini.

Adhabu ya kumwajiri mgeni bila kibali chini ya sheria ya 2015 huanzia faini ya shilingi milioni 10, na inaweza kufika kifungo. Mwajiri ambaye ombi lake limekataliwa anaweza kukata rufaa kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi. Mpaka jibu la rufaa litoke, mgeni huyo haruhusiwi kufanya kazi.